Je, Taka za Dar es Salaam Zafaa Kuingia Tanurini?

Katika miaka ya karibuni neno pirolisisi limeanza kusikika katika semina za wataalamu, katika ofisi za halmashauri zetu, na zaidi katika vijitabu vya wauzaji wa mitambo. Twaambiwa kwamba taka zote zinazotuudhi mjini zaweza kutiwa katika tanuri moja, zikatoka upande wa pili zikiwa mafuta, gesi na mkaa. Na kwamba nishati hiyo itakuwa rahisi mno, ati kwa sababu taka hazinunuliwi. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba elimu hii yaweza kuwafaa sana wakazi wa Dar es Salaam, hasa wale wa pembezoni mwa Kinondoni na Temeke. Lakini naamini pia kwamba jinsi inavyotangazwa hivi sasa itatufikisha mahali pa kununua mtambo mkubwa kwa ajili ya taka ambazo hatunazo, tukaacha kazi ndogo ambayo tungeweza kuianza mwaka huu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Pirolisisi ni kuipasha joto kali maada yenye asili ya mimea, au plastiki, pasipo kuipa hewa. Kuni zikiwaka jikoni, oksijeni iliyomo hewani huungana na kaboni ya kuni, na mwisho wake ni majivu. Katika tanuri lililozibwa oksijeni haipo, kwa hiyo kuni haziwaki bali huvunjika. Kwanza maji hutoka, joto likifikia digrii 100 za sentigredi. Kati ya digrii 200 na 400 selulosi, ambayo ndiyo nyuzi za mti, hupasuka vipande vipande. Hapo hutoka mvuke wenye lami na asidi ileile iliyomo katika siki, pamoja na gesi zinazoweza kuwaka kama vile kaboni monoksaidi, methani na hidrojeni. Lignini, yaani ule utomvu mgumu unaozishikamanisha nyuzi, huvunjika polepole zaidi na sehemu yake kubwa hubaki kuwa mkaa.

Mchoma mkaa wa Kisarawe au wa Handeni anayajua haya yote ingawa hakuyasoma darasani. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani, kisha kwa udongo, hutia moto na kuacha matundu machache. Kisha huutazama moshi. Ukiwa mweupe na mzito, ni maji yanayotoka. Ukianza kugeuka manjano, mti unavunjika. Ukiwa mwembamba wa rangi ya buluu, mkaa umeiva na matundu hayana budi kuzibwa upesi. Hiyo ndiyo pirolisisi, nayo imekuwako katika pwani yetu kwa karne nyingi. Kwa hiyo atakayetujia na sanduku la chuma akidai kwamba analeta sayansi mpya kabisa, tumkaribishe, tumpe maji ya kunywa, kisha tumuulize amelitengeneza vipi lile tanuri la udongo.

Maana tanuri la udongo linahitaji kutengenezwa kwelikweli. Tanuri la kawaida la msituni hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni zilizotiwa. Tuchukue asilimia 15. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kiasi cha megajuli 18. Gramu 150 za mkaa zina megajuli 4 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba robo tu ya nishati ya mti ndiyo hufika mjini, na robo tatu huondoka pamoja na moshi na joto la tanuri. Gesi zile zingeweza kuwaka. Zingeweza kurudishwa chini ya tanuri zikalipasha joto lenyewe, kama yafanyavyo matanuri bora ya chuma na ya matofali, na mkaa ukafikia asilimia 25 hadi 30.

Hasara hiyo si jambo la kupuuza katika mji huu. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake ilitumiwa Dar es Salaam peke yake. Kati ya mwaka 2001 na mwaka 2007, kadiri ya taarifa hiyo, kaya za mji huu zilizotegemea mkaa kama nishati yao kuu ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71. Tangu hapo gesi ya mitungi imeingia katika nyumba nyingi, na mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaokusudia kuwafikia asilimia 80 ya wananchi kufikia mwaka 2034. Walakini jiko la mkaa bado li hai. Mama lishe wa Tandika hajaacha kuchemshia maharage yake juu ya mkaa, na atakayempatia mkaa usiotokana na mti wa msituni atakuwa amemfanyia hisani yeye na msitu pia.

Sasa tuziangalie taka zenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Tukimkadiria kila mtu kilo 0.7 za taka kwa siku, tunapata karibu tani 3,800 kila siku. Historia ya mahali pa kuzitupa ni historia ya kufukuzwa. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama ikawapa haki yao dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walishtaki, na mwaka 1991 nao wakashinda. Kisha ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni katika Temeke, karibu na Mto Kizinga, kisha Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Gari la taka kutoka Bunju lipite mji mzima kabla ya kufika huko! Si ajabu, basi, kwamba sehemu kubwa ya taka za pembezoni haifiki popote: hufukiwa shimoni nyuma ya nyumba, huchomwa uani wakati wa magharibi, au husukumwa mtaroni mvua inapoanza.

Kuziacha zirundikane nako si salama. Mwezi Machi 2017 jalala la Koshe mjini Addis Ababa liliporomoka likaua watu zaidi ya 110. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi huko Kampala nalo liliporomoka, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kwa hiyo hamu ya viongozi wetu kupata mtambo utakaozimaliza taka naielewa vizuri sana.

Shida ni maji. Fungua mfuko wa taka kutoka nyumba yoyote ya Mbagala au Mwananyamala, nawe utakuta maganda ya ndizi na ya viazi, mabaki ya mchicha, machicha ya nazi, maganda ya maembe wakati wa msimu, na mchanga wa kufagia uwanja. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni za namna hiyo. Tuseme tumechukua tani moja kutoka katika kizimba, na kwamba asilimia 65 ya uzito wake ni maji. Tuna kilo 650 za maji, na kila kilo yahitaji megajuli 2.6 hivi ili ipate joto na kugeuka mvuke. Jumla ni karibu megajuli 1,700, sawa na nishati iliyomo katika kilo 56 za mkaa mzuri. Zilizobaki ni kilo 350 za maada kavu, ambazo kwa sababu ya mchanga uliomo tutazikadiria megajuli 15 kwa kilo, yaani megajuli 5,250. Basi theluthi moja ya nishati yote imekwisha katika kukausha tu, tena kwa kikaushio ambacho hakipotezi joto hata kidogo. Kikaushio cha namna hiyo hakijazaliwa. Vilivyoko kiwandani hupoteza, na theluthi yaweza kuwa nusu. Baada ya hapo bado tanuri lipashwe joto, lami itenganishwe na gesi, pampu ziendeshwe. Muuzaji wa mitambo hupenda kuonyesha hesabu ya taka kavu. Sisi hatuna budi kumwonyesha taka za mwezi Aprili.

Wenzetu wenye fedha nyingi na taka kavu kuliko zetu wamejaribu, na yafaa tuyajue yaliyowapata. Huko Baltimore, Marekani, kampuni ya Monsanto ilijenga mtambo wa pirolisisi uliokusudiwa kumeza tani 1,000 za taka kwa siku katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 kampuni hiyo ilijitoa. Ujerumani, mtambo wa Siemens mjini Fürth ulivuja gesi mwaka 1998, na kampuni ikaiacha biashara hiyo. Mtambo mwingine mjini Karlsruhe ulifungwa mwaka 2004 baada ya hasara kubwa. Ni haki kusema pia kwamba mtambo wa Burgau, katika jimbo la Bavaria, ulifanya kazi tangu miaka ya 1980 hadi mwaka 2015. Haikosi, basi, kuwezekana. Lakini tanuri hupenda chakula cha aina moja, kikavu, cha ukubwa mmoja, leo kama jana. Taka za mchanganyiko kila siku zina sura nyingine. Hata Addis Ababa, ilipozindua mtambo wake wa Reppie mwezi Agosti 2018, haikuchagua pirolisisi bali kuunguza kwa hewa, kwa tanuri ambalo halichagui sana chakula chake, ingawa hilo nalo halipendi maji.

Je, tuiache elimu hii? Hasha. Tuipe chakula kinachoifaa, nacho kipo hapa hapa, tena mara nyingi kimekwisha jitenga chenyewe kabla hakijaitwa taka. Kifuu cha nazi iliyokomaa ni kikavu, kizito, kina majivu machache, na mkaa wake ni bora kuliko mkaa wa miti mingi. Ndio unaotumika duniani kutengenezea mkaa wa kuchujia maji na hewa. (Dafu ni habari nyingine: ganda lake la kijani limejaa maji, na lazima lianikwe kwanza.) Katika karakana za samani za Keko, unga wa mbao na maranda hurundikana kila siku. Makumbi ya nazi, matawi yanayokatwa kando ya barabara, masanduku ya mbao yaliyovunjika: vyote hivi vyafaa. Pumba za mpunga zafaa pia, lakini mtu ajue kwamba sehemu moja katika tano ya uzito wake ni majivu, kwa hiyo mkaa wake huwaka polepole na kuacha mabaki mengi. Tena pale Keko mbao zilizopakwa rangi na zile mbao za kubandikwa kwa gundi zisichanganywe na nyingine. Moshi wake ni wa sumu.

Tufanye hesabu, tusije tukaahidi zaidi ya uwezo. Tukichukulia kwamba sehemu moja katika kumi ya taka za mji ni mabaki makavu ya mimea, hizo ni tani 380 kwa siku. Tanuri zuri litatupa robo yake, yaani tani 95 za mkaa. Mji uliokuwa ukitumia nusu milioni ya tani kwa mwaka ulihitaji karibu tani 1,370 kwa siku. Tumepata asilimia saba. Msomaji aweza kuguna kwamba ni kidogo. Lakini tani 95 kwa siku ni karibu tani 34,700 kwa mwaka, na ili kuzipata kwa tanuri la udongo la asilimia 15, zingekatwa zaidi ya tani 230,000 za kuni. Hiyo ndiyo sehemu halisi ya pirolisisi katika mji huu, nami naona yatosha kuifanyia kazi bila kuitia chumvi.

Taka mbichi ziende kwingine. Kinachofaa kwake ni mboji au gesi ya kuozesha, ambayo haihitaji kukausha chochote kwa kuwa wadudu wake wadogo hutaka maji. Manispaa ya Kinondoni imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa msaada wa Ujerumani na wa mji wa Hamburg, ambao umekuwa na udugu na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Kilikusudiwa kupokea taka za masokoni. Huko Hale, mkoani Tanga, mtambo uliozinduliwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mabaki mabichi ya mkonge yaweza kutoa gesi ya kuendeshea jenereta ya umeme. Wazee wa fani hii watakumbuka pia mradi wa Takagas wa miaka ya 1990, uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao ulikusudia kujenga mtambo wa gesi ya taka hapa mjini. Uchunguzi ulifanyika, mtambo haukusimama. Makabrasha yake yafaa kufunguliwa tena kabla ya kutiwa saini mkataba mwingine wowote.

Nabakisha plastiki, kwa kuwa ndiyo inayowavutia wengi. Ni kweli kwamba polithini, ile ya ndoo na madumu, ikipashwa joto la digrii 400 hadi 500 bila hewa hugeuka mafuta, na kilo yake moja ina megajuli zaidi ya 40. Lakini plastiki si kitu kimoja. Ile ya mabomba ya maji na ngozi bandia ina klorini, nayo ikiingia tanurini hutoa asidi kali inayokula chuma na mapafu. Ile ya chupa za maji ya kunywa haitoi mafuta ya maana, bali hutoa unga unaoganda na kuziba mabomba. Tena chupa hizo zina soko lake, na waokotaji wanaozikusanya na kuziuza kwa kilo wangenyang'anywa riziki kwa faida isiyokuwapo. Mafuta yanayopatikana nayo si dizeli. Yana nta na vitu vyenye sumu kama benzini, na lazima yasafishwe kabla ya kutiwa katika injini. Kazi hii ni ya maabara na ya kiwanda chenye wakaguzi. Pipa la chuma lililowekwa moto uani, katikati ya nyumba za Tandale zilizobanana, likichemsha madumu, ni bomu.

Hata pipa la kuchomea vifuu lahitaji nidhamu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Kwa sababu hiyo matanuri madogo yasiwe ya kila nyumba, bali ya kikundi, mahali pa wazi penye upepo, mbali na shule na zahanati, na yawe ya aina inayouchoma moshi wake yenyewe. Mamlaka za mitaa zaweza kutenga viwanja vya namna hiyo kando ya Chamazi na Mabwepande, ambako nafasi ingalipo, kabla nyumba hazijafika.

Utafiti wa jambo hili haukosi watu. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, liko Msasani, katika Kinondoni yenyewe. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walichapisha kazi yao juu ya kugeuza maganda ya kahawa kuwa gesi kwa hewa na mvuke wa joto kali. Ninachokiona kimepungua ni utafiti wa mambo ambayo hayana fahari: kifuu kianikwe siku ngapi Temeke wakati wa masika, uji wa muhogo kiasi gani unatosha kuushika unga wa mkaa usivunjike njiani, mkaa mbadala unachukua dakika ngapi kushika moto, kwa maana mpishi mwenye haraka akingoja mno mara ya kwanza hatanunua mara ya pili. Nchini Kenya kampuni ya Chardust ilianza kwa kuokota vumbi la mkaa lililotupwa katika vibanda vya wauza mkaa wa Nairobi, na huko Naivasha kampuni ya Sanivation imetengeneza mkaa kutokana na kinyesi cha vyoo kilichochanganywa na unga wa mbao. Wote hao walianza na malighafi wanayoijua, na jiko wanalolijua.

Kuhusu mikataba, nina neno moja kwa madiwani wetu. Mitambo mikubwa ya taka aghalabu huja na sharti kwamba halmashauri itapeleka kiasi fulani cha tani kila siku, na isipopeleka italipa. Sharti hilo likishatiwa saini, kila kikundi kinachotenganisha taka, kila anayetengeneza mboji, kila muokota chupa, anageuka kuwa adui wa mkataba. Likataliwe. Na anayetaka kutuuzia mtambo apewe tani kumi za taka kutoka katika vizimba vya Mbagala na tani kumi kutoka Tandale, zipimwe maji mbele ya mashahidi, zitiwe katika tanuri lake, na nishati inayoingia ipimwe pamoja na ile inayotoka. Jaribio hilo lifanywe mara mbili: mwezi Septemba, jua likiwa kali, na mwezi Aprili, mvua za masika zinapokuwa zimelowesha kila kizimba cha mji huu hadi chini.